Mlinzi wa Beseni la Kijani

Jumatatu, 3 Machi
Kituo chetu cha utafiti kinaajiri mtunza koa wa kudumu. Koa wa baharini, ndiyo. Konokono waliotoka nyumbani bila gamba na bila aibu. Miaka minne nimesugua matangi hapa kwa mkataba wa miezi mitatu mitatu, na mke wangu anasema mwingine kama huo nikausainie kwa mama yangu, nikalale hukohuko. Sharti la Daktari, mkuu wa kituo, ni jepesi: Ijumaa saa nne, mwenye aina nyingi za koa walio hai ndiye mwenye kazi. Tumejitokeza wawili. Mimi, na shemeji, kaka wa mke wangu, mpiga mbizi mwenye kifua kama kabati. Kaniambia pole shemeji, utazoea. Tutaonana!

Jumanne, 4 Machi
Maji yalipokupwa nikapekua miamba mpaka magoti yakachubuka. Aina tisa! Wa buluu mwenye mistari ya dhahabu. Wa zambarau. Wa kijani kama jani. Daktari anadai hula mwani, akauhifadhi ukijani wake mwilini, kisha akajilisha kwa jua. (Ndugu wa hivyo ndio ningependa wanitembelee.) Mwenye vidole-vidole mgongoni nilimshika kwa mkono mtupu. Daktari kanieleza, baada ya mimi kupiga ukelele, kwamba huyo hula viumbe vinavyowasha na sumu yao akaihamishia mgongoni kwake. Asante kwa taarifa. Kidole kimekuwa balbu.
Wa tisa ni mweupe, unamwona hadi ndani kama mfuko wa plastiki. Mpole, hana makuu. Anazunguka beseni bila kupumzika. Nimemwita Mlinzi.
Daktari anataka kila koa awe na chupa yake na chakula chake. Chupa tisa za kuosha? Nimewaweka wote kwenye beseni la kijani, nikawanyunyizia makombo ya mkate. Shemeji ana saba. Saba! Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi.

Jumatano, 5 Machi
Wako saba. Nimehesabu mara tatu, ya tatu nikiwa na miwani. Wa zambarau hayupo, wa njano hayupo. Koa hana miguu. Shemeji anayo, tena saizi arobaini na sita. Nikamuuliza kwa upole kama kamwona mwizi yeyote maeneo haya. Kacheka, eti labda wameenda kutafuta chakula, maana kwa mkate ule hata yeye asingebaki.
Daktari kapita, karudia wimbo wake: wengi hula aina moja tu ya sifongo za baharini, wengine hula koa wenzao, kwa hiyo chupa, chupa, chupa. Nikamwambia nimeelewa. Nimefunika beseni kwa wavu na kufuli. Mlinzi peke yake ndiye mtulivu. Tena ananenepa. Angalau kuna mmoja anayethamini mkate wangu.

Alhamisi, 6 Machi
Wanne! Na kufuli halijaguswa. Jana nilimwaga unga sakafuni kote: leo nyayo ni zangu tu. Ujanja ulioje! Amejifunza kukanyaga nilipokanyaga. Mke wangu kaniuliza kaka yake aibe koa wangu wa nini wakati ana wake kumi na wawili. Waliotoka tumbo moja hao, ungetegemea nini!
Habari njema: Mlinzi ana doa la zambarau tumboni. Juzi hakuwa nalo. Koa anayebadili rangi! Nimepekua vitabu vyote viwili vya kituo, hayumo. Aina mpya hiyo! Itapewa jina langu. Shemeji na azamie mpaka aote magamba.

Ijumaa, 7 Machi
Saa nne kamili. Shemeji: chupa kumi na mbili, kila moja na kipande cha sifongo na kibandiko, utadhani duka la dawa. Mimi: beseni moja, kitambaa juu. Nikahutubia. Nikamtaja mwizi kwa cheo chake cha ukoo. Nikatangaza aina mpya. Nikavuta kitambaa.
Mlinzi, peke yake. Mnene kama soseji, zambarau huku, buluu kule, na mkia wa kijani ukining'inia mdomoni.
Daktari akauliza ule mkia ni wa nani. Nikasema ni wake, ana miwili, ndiyo maana ni aina mpya. Akanieleza polepole, kama anayemfundisha mtoto kuvaa viatu, kwamba huyu hula koa wenzake tu, na rangi zile tumboni ni koa wangu wanane. Shemeji akasema basi jamani, mhesabieni tisa, si wote wamo? Kicheko kikazima hata mlio wa pampu.
Kazi ni ya shemeji.

Jumatatu, 10 Machi
Bosi wangu mpya kanipa nafasi. Nasikia mke wangu kamlilia. Koa watano wa maonyesho, wiki mbili. Wakitoka hai, napata mkataba wa mwaka. Chupa tano, sifongo, vibandiko. Kanisomea masharti kama mfungisha ndoa, nami nikaitikia kila neno.
Lakini mimi si wa jana. Daktari na shemeji lao moja, na hadithi ya tumbo la Mlinzi waliitunga pamoja. Mwizi ana funguo za vyumba vyote sasa! Nimewahamishia watano wote kwenye beseni la kijani. Wavu. Makufuli mawili. Na kwa kuwa siwezi kukaa nao saa zote, nimemrudisha Mlinzi. Siku tatu hajatia kitu mdomoni, maskini, kakonda mpaka unaona upande wa pili. Mkate kaukataa. Kazi kwanza! Nilipofunga kufuli tayari alikuwa ameanza doria.