Mifuko ya Muhogo kwa Ajili ya Chemchemi

Jumatatu, tarehe 6 Oktoba
Naandika kwa unyenyekevu, ingawa fikra niliyoipata leo ni kubwa. Jumapili parokia yetu ya Kitshanga itapanda miti mia mbili ya grevilea juu ya chemchemi, ili mlima usiporomoke tena na kutunywesha matope. Miche hiyo imeota kutokana na mbegu alizoziacha marehemu mke wangu, Aimée. Usipotee hata mmoja! Itabebwa na udongo wake, kwa hiyo yahitajika mifuko. Ile myeusi ya plastiki hubaki mlimani miaka na miaka. Basi nitatengeneza plastiki ya muhogo. Wanga, maji, siki, gliserini. Mapadre walitufundisha kemia. Nilisinzia kidogo tu.

Jirani yangu Mama Nyiraneza ameniarifu kwamba yeye hufungia miche katika maganda ya mgomba. Nimemshukuru. Nimemwambia, kwa heshima zote, kwamba hiyo si sayansi.

Jumanne, tarehe 7
Unga wote wa nyumbani umeingia sufuriani. Nimekula sombe, majani ya muhogo, bila bugali. Katembo wa duka la dawa ameniuzia gliserini yake yote, akauliza kama nina ngozi ya kiboko. Nimepika: mabonge matupu! Mama Nyiraneza amechungulia: "Papa Constantin, hii iko mufuko ao iko bugali?" Nimemwomba radhi kwa harufu.

Jumatano, tarehe 8
Gunia la makala, makaa ya kupikia, limekwisha. Déo wa pikipiki ameleta jingine. Nimemuuliza miti yake ilikatwa wapi. "Pale juu ya chemchemi, Papa. Miti ya pale inawaka muzuri!" Nimesali Baba Yetu moja. Kisha nimewasha. Kazi ilikwisha kuanza.

Mifuko imetoka! Myembamba, yang'aa. Nimeianika juu ya shitingi, lile turubai la plastiki, kwa kukosa kingine. Naomba radhi.

Ijumaa, tarehe 10
Miche yote imo mifukoni. Nimewaita wanakwaya waitazame. Mama Nyiraneza mwenyewe amekiri kwamba ni mizuri kama hostia. Nimeinama kidogo, kama afanyavyo askofu.

Jumamosi, tarehe 11
Mvua. Ole wangu! Mfuko mweusi huwangoja hata vitukuu. Wangu haukungoja chai ya asubuhi. Uji kila mahali. Mizizi uchi. Kuku wa Mama Nyiraneza wakishiba sayansi yangu! Nilipiga magoti matopeni, nikamwomba Aimée msamaha.

Mama Nyiraneza hakucheka. (Alicheka, lakini baadaye.) Alikuja na panga na mashina ya migomba iliyokwisha kuzaa, ambayo yangeoza bure. Akachuna maganda, akakunja, akafunga kwa nyuzi za mgomba uleule. Hakuwasha moto. Hakugusa chakula cha mtu. Alinieleza kwamba ganda hushikilia mpaka mizizi ijishike yenyewe, kisha huoza na kuwa mbolea. Mikono ile! Sijapata kuona ustadi kama huo, hata kwa mapadre. Mimi nilikabidhiwa kazi ya kufukuza kuku. Miche mia mbili, yote hai!

Jumapili, tarehe 12
Imepandwa yote. Mbele ya Wakristo wote nimetangaza kwamba mwalimu wa kemia katika parokia hii ni Mama Nyiraneza. Vigelegele! Amenituma nyumbani na bakuli la unga, akisema nisiupike uwe mfuko. Nimejifunza. Mtu asitafute mbali kilichoko nyuma ya nyumba ya jirani. Mgomba ndio kila kitu.

Tukiteremka, Déo alilalamika kwamba esansi, petroli ya pikipiki yake, imekuwa haba. Nikatafakari. Kasiksi, pombe yetu ya ndizi, ikichemshwa na mvuke wake ukakusanywa, hutoa spiriti. Pikipiki itakunywa mgomba! Moshi kidogo, hewa safi. Kesho nitamwomba Mama Nyiraneza ndizi zake zote, kwa heshima zote. Kuchemsha kwataka moto kidogo tu. Nimekwisha kumwagiza Déo magunia mawili, ya yale makala yanayowaka vizuri.