Nilivyompima Mama Mkwe Juu ya Ukuta wa Matete

Leo nimepata aibu ya mwaka mzima kwa asubuhi moja. Matayo, Pius, mafundi wenzangu, kaeni chini kwanza. Nawaandikia barua hii mkono umechubuka na goti limefungwa kitambaa (mabaki ya kanzu ya katekista, msiulize).

Mnajua mama mkwe wangu anakaa Wamaza. Mnajua pia kwamba katika miaka tisa ya ndoa yangu na Feza sijawahi kumtazama usoni. Ndiyo heshima yetu. Yeye akija kwa njia hii, mimi napita kwenye mihogo. Hatuli pamoja, hatushikani mikono, na tukiwa na neno la kuambiana linapita kwa Feza. Kwa hiyo namjua kwa kikohozi na kwa visigino tu. Tena hakunitaka sana tangu mwanzo. Alitaka Feza aolewe na karani wa posta, mtu mwenye viatu.

Jana akafika kwa miguu, kwa ajili ya arusi ya binti yake wa mwisho, hapa Kasongo, Jumamosi. Akamwambia Feza, "Kikwembe ya kujifunga niko nacho. Libaya, nataka mukono wa mukwe wangu."

Jamani! Libaya la mama mkwe! Blauzi ya kubana, mikono ya puto, mbele ya kanisa zima! Miaka tisa nimengoja siku atakayoona kwamba mtoto wake hakuolewa na mtu wa bure. Nilifurahi hadi nikajichoma sindano mara mbili nikiwa nimekaa tu.

Lakini nitampimaje?

Feza hasomi namba. Mara ya mwisho alimpima shangazi yake kwa shubiri, na libaya lile likatosha watu wawili na mtoto mgongoni. Alikuwepo Sofia, jirani yetu, mjane wa umri wa Feza, aliyesoma kwa masista. Tangu mavuno ya mpunga ananiomba nimfundishe kushona. Mara tatu amekuja barazani kwangu, mara tatu nimemjibu kwamba cherehani ni mgonjwa. (Ndiyo, nilisema hivyo, na uso haukukunjamana.) Mnakumbuka fundi wetu wa zamani alivyokuwa akitugeuzia mgongo kila akikata kola? Nami nimekuwa yule yule. Nilijiambia: nikimfundisha mtu leo, kesho atatandika meza yake mbele ya mlango wangu.

"Ita Sofia amupime mama," Feza akaniambia asubuhi. "Ni kazi ya dakika mbili."

"Mita yangu haishikwe na mutu," nikamjibu. "Jicho langu linatosha."

"Jicho gani? Ile yenye ilishona suruali ya mwalimu?"

(Suruali ya mwalimu ni habari nyingine. Alikaa vibaya.)

Basi. Mama mkwe alikuwa uani, ameegemea ukuta wa matete, anapepeta mchele. Mimi nikazunguka upande wa nje. Nikapindua kinu, nikapanda juu yake. Kichwa nimekiinamisha chini ya ukingo wa ukuta, sioni kitu, heshima yote iko mahali pake! Mpango wangu ulikuwa huu: niteremshe utepe wa mita polepole nyuma yake mpaka iguse mkeka, nipate urefu wa mgongo. Upana ningeukisia. (Mnaona sasa akili ya fundi wenu.)

Nikateremsha. Sentimita kumi. Ishirini. Kinu kikayumba, na ile ncha ya chuma ya mita, baridi kabisa, ikaingia shingoni kwa mama mkwe.

"NYOKA!"

Mama mkwe si mtu wa kukimbia. Aliidaka mita kwa mikono miwili akaivuta. Mtu mwenye akili angeachia. Lakini ilikuwa mita yangu! Ya pekee! Nikashikilia. Akavuta tena, kwa nguvu za mwanamke aliyelima pamba ya serikali miaka yote ile, na mimi, kinu na ukuta wa matete tukaenda sote upande wake.

Nilianguka kifudifudi katikati ya mchele. Nikabaki hivyo hivyo. Ndugu zangu, ningeinua uso ningemwona! Nikafumba macho, pua ndani ya pumba, nikangoja kufa.

Uwanja ukajaa watu. Fimbo, mapanga, mchi mmoja. Polisi wa kofia nyekundu, yule anayelinda ofisi ya territoire, ya mkuu wa wilaya, akafika mbio.

"Nyoka iko wapi?"

"Si nyoka, ni mukwe," mtu mmoja akamwambia.

"Mukwe ameuma nani?"

Watu wakashika mbavu kwa kicheko. Mama mkwe alikuwa amejifunika kitambaa usoni na kunigeuzia mgongo, kama desturi inavyotaka. Mita bado mkononi mwake.

"Feza," akasema, sauti kavu. "Uulize ule mutu mwenye kulala pale, iko anatafuta nini ku mugongo yangu."

"Bwana, mama anauliza unatafuta nini ku mugongo yake."

"Mwambie mama," nikasema ndani ya pumba, "natafuta sentimita."

Hapo niliogopa kweli. Kwetu mtu akimgusa mama mkwe, hata kwa bahati mbaya, anatoa kuku wa kuomba radhi, na wakubwa wa ukoo wanakaa kulizungumza jambo hilo. Nikaona libaya limekwenda, arusi imeingia mkosi kwa sababu yangu, na miaka tisa ya kupita kwenye mihogo imekuwa kazi bure. Iliniuma, nawaambia. Ninampenda yule mama.

Ndipo Sofia akavuka yale matete yaliyolala. Hakuniomba ruhusa. "Mama, unipe ile mita," akasema, akaanza kupima. Kila akipata namba aliinama na kuninong'oneza sikioni, ili watu wasisikie unene wa mama wa wenyewe. Mimi vipimo huwa navitangaza barazani kama mtu anayenadi mbuzi! Nikawa naandika kwa kidole kwenye pumba, nafunika kwa kiganja.

Kisha akafanya jambo ambalo sijalifanya katika miaka kumi na mbili ya kazi. "Mama, inua mikono juu." Akapima mgongo upya.

"Mama atacheza siku ya arusi," akaninong'oneza. "Fundi, munapimaka watu mikono ikiwa chini. Njo maana libaya zenu zinapasuka ku kwapa. Ya kwangu ilipasuka."

Lake nililishona mimi! Wanawake wangapi wamepasuka kwapa mji huu wakaninyamazia?

"Feza," mama mkwe akasema tena. "Umwambie bwana yako, kuku yake siitake. Amufundishe huyu mwanamuke kazi, maneno imeisha."

"Mwambie mama atajua siri zangu zote," nikalalamika.

"Siri gani?" Feza akanijibu mwenyewe. "Zote ziko pale chini na weye."

Saa nne tukaanza. Nilikata, Sofia akapiga bandi, akapiga pasi ya makaa, akashona vifungo. Nilipofika kwenye kola, mgongo ukataka kugeuka wenyewe. Nikauzuia. "Tazama hapa," nikamwambia. Akatazama, akaniuliza kwa nini naanzia upande ule. Kumbe ni kwa sababu fundi wetu alianzia hapo tu! Tukaanzia upande mwingine, na kitambaa kikabaki cha kutosha leso. Kazi yangu ya siku mbili ikaisha saa tisa mchana. Wakati huo wanawake watatu walikuwa wamesimama barazani na vitenge vyao, wakiuliza, "Sofia njo atapima? Basi bwana yangu atakubali." Watatu! Kwa mchana mmoja! Nami nilidhani hawaji kwa sababu hawajui uzuri.

Sasa hivi niko upande wangu wa ukuta, ambao nimeusimamisha mwenyewe, kila tete. Upande wa pili mama mkwe amevaa. Nimesikia vigelegele vya Feza, nimesikia miguu ikicheza, nikatega sikio kwenye kwapa (ya libaya, jamani). Hakuna kilichopasuka. Kisha kikohozi.

"Feza, umwambie mukwe wangu, mutoto wangu iko ku mikono ya muzuri."

Nimetoa machozi kidogo. Pumba, nadhani.

Basi ndugu zangu, kama mna mtu anayewaomba kazi barazani, mpokeeni kabla hamjapanda kinu. Na naomba msicheke. Mama mkwe anacheka tangu alipovaa, namsikia hapa, na amenitumia neno kwa Feza kwamba bado hajamaliza.