Hatua ya Kwanza Bure

Mtaalamu hakuwa mtaalamu wa kitu chochote, ila alikuwa na koti jeupe, na koti jeupe lina heshima zake. Kila asubuhi alisimama mbele ya duka la vifaa vya ujenzi na glasi ya maji ya bomba ambayo alikuwa ameshaikamulia ndimu pembeni. Akichovya karatasi ya kupimia asidi, karatasi inageuka nyekundu mbele ya watu wazima na akili zao.

"Haya ndiyo mnayowapa watoto," alisema, kwa huzuni ambayo hata yeye ilimgusa.

Kisha akatia punje chache za Unga wa Uhai, karatasi ya pili ikatoka kijani, na mikono ikaanza kuingia mifukoni. Unga wa Uhai ulikuwa magadi. Shangazi yake ndiye aliyeufunga, pakiti mia sita za gramu themanini, kazi ya wiki tatu mezani jikoni. Malipo yake shangazi yalikuwa ahadi kwamba siku pikipiki ikinunuliwa, yeye ndiye abiria wa kwanza. Mtaalamu alikuwa ameshachagua rangi. Mabega yake yalikuwa yamechoka kubeba sanduku.

Asubuhi hiyo alimsikia Mama Kutu akimlalamikia mwenye duka, kwa sauti ya kutosha. Mama Kutu alikuwa na karakana ya kusafisha mageti na vyuma vilivyoliwa na kutu. Vyuma huchovywa kwenye asidi, asidi ikichoka hukusanywa kwenye tangi, na tangi la lita elfu kumi lilikuwa limejaa.

"Afisa wa mazingira kanipa mpaka leo alasiri," alisema. "Maji yapungue ukali yafike pH sita ndiyo niyamwage, ama anafunga karakana. Na sasa yako moja. Moja! Mafundi wanane wale wapi?"

Kutoka moja mpaka sita, Mtaalamu alihesabu vidole, ni hatua tano. Glasi yake hupanda hatua tatu kwa chembe za kubana vidoleni. Tangi ni glasi iliyonenepa tu; pakiti ishirini kila hatua, thelathini kama lina kiburi. Alinyoosha kola ya koti, akavuka barabara.

"Shikamoo mama. Nimesikia bila kukusudia."

"Marahaba, mwanangu. Hata mimi nimekuwa nikikusikia."

Mkataba aliuandika mwenyewe, juu ya pipa, kwa mwandiko wa kupendeza. Hatua ya kwanza bure, ili mteja apate imani. Ya pili, bei ya suti. Ya tatu, bei ya friji. Ya nne, friji mbili. Ya tano, kutoka tano kwenda sita, ilitosha pikipiki na kofia zake mbili.

"Mbona inazidi kupanda?" Mama Kutu aliuliza.

"Ngazi, mama. Juu ndiko pumzi inakokata."

"Na ile ya kwanza ni bure kabisa?"

"Kabisa. Na hapa chini nimeandika kwamba mteja anaweza kusimamisha kazi mwisho wa hatua yoyote, bila deni." Kifungu hicho kilikuwa fahari yake. Katika miaka yote ya kazi hiyo, hakuna aliyewahi kukitumia.

Mama Kutu alisoma mara mbili, akatia sahihi, akaagiza mkokoteni uende kwa shangazi kuchukua mzigo wote. "Kwa usalama tu," alisema.

Mtaalamu alipanda kwenye kiunzi cha tangi, akafungua pakiti ishirini kwa madaha. Povu lilifoka, mafundi wakasogea nyuma kwa adabu. Akachovya karatasi.

"Tuko ngapi?" Mama Kutu aliuliza kutoka chini.

"Moja. Dawa inajitafuta."

Kwenye pakiti ya mia moja ilikuwa moja. Kwenye ya mia tatu ilikuwa moja na robo, ikipimwa kwa huruma. Koti lilikuwa limelowa, na pakiti alikuwa anazifungua kwa meno. Hofu ilimshika, hofu halisi, maana kila pakiti ilikuwa na fundo la shangazi yake, na shangazi hufunga kwa nguvu. Alishuka akalizunguka tangi kutafuta tundu. Halikuwa na tundu. Akafikiria kuacha, lakini kuacha kabla ya hatua ya pili ni kuondoka mikono mitupu, na pikipiki ilikuwa juu kule, hatua ya tano. Akapanda tena.

Pakiti ya mia sita ilipoingia, karatasi ikasema mbili.

Mtaalamu alikaa juu ya ndoo. "Basi mama," alisema kwa sauti iliyobaki, "sasa tuanze za kulipia."

"Hapo panatosha, mwanangu."

"Panatosha vipi? Bado nne."

"Nne ndogo." Mama Kutu alitoa kopo la magadi kilo tano, la bei ya dukani. "Ukali wa asidi ni wingi wa ioni za hidrojeni humo majini. Namba ikipanda moja, zinabaki sehemu ya kumi tu. Kwa hiyo wewe umeshaua tisa katika kila kumi, bure, Mungu akubariki. Zilizobaki wewe ungezitoza bei ya friji."

Alimimina karibu kopo zima. Tatu. Akamimina kikombe. Nne. Akatia vijiko vitatu vya chakula, mafundi wakakoroga. Tano. Kisha akachukua kijiko cha chai, akakisawazisha kwa kidole, akakiangusha ndani.

Sita.

Mtaalamu alikitazama kile kijiko. Hiyo ndiyo ilikuwa pikipiki.

"Ulijuaje nina mzigo wa kutosha?" aliuliza.

"Shangazi yako ni mteja wangu wa mageti. Anajisifu sana juu yako."

Afisa wa mazingira alifika alasiri, akapima, akapima tena, akaandika cheti. Karakana ikawa imepona. "Nani kafanya kazi safi hivi?"

"Huyu hapa," Mama Kutu alisema. "Tena kwa kujitolea."

Afisa alimpa Mtaalamu mkono. "Watu kama wewe ni wachache, ndugu. Hebu, kuna tangi jingine mtaa wa pili. Mwenyewe yuko tayari kulipa kwa kila hatua, bei utakayotaja. Na ni kazi nyepesi, namba yake iko chini tu. Liko moja."

Mtaalamu alivua koti jeupe, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya ndoo. Kisha akatoka getini bila kuaga, mwendo wa mtu aliyekumbuka ameacha kitu motoni jikoni.