Malkia wa Rafu ya Pasi

Mtaani walimwita Kinanda, kwa sababu ukimgusa tu anaanza kutoa sauti tamu, na wewe unaanza kucheza wimbo usioujua. Mwenyewe alilipenda jina hilo. Aliliona bora kuliko mengine aliyowahi kuitwa na watu waliokuwa wakimkimbiza.

Fursa ilimkuta kwenye kibanda cha fundi simu, akisubiri kubadilishiwa betri. Fundi alikuwa anawaonyesha wateja video ya mwanamume mmoja mnene, mtu mzima na ndevu zake, anayetokwa na machozi ya furaha mbele ya kichupa cha kioo. Ndani ya kichupa mlikuwa na sisimizi.

"Mmoja tu," alisema fundi. "Malkia. Kuna watu wanawafuga, wana hadi vyama. Akipatikana aliye adimu, wanamgombania kama kiwanja."

Wateja walicheka. Kinanda naye alicheka, kwa adabu, kisha akaomba namba ya chama. Katika maisha yake alikuwa ameuza dawa ya kurefusha maisha iliyotengenezwa kwa sabuni, ameuza kiwanja kilichokuwa katikati ya barabara, na redio moja ameiuza mara nne. Vyote hivyo vilitaka mtaji. Sisimizi walitembea bure nyumbani kwa dada yake, na wengine walipanda hadi kitandani kwake bila kubisha hodi.

Dada huyo, mkubwa wake kwa miaka tisa, alikuwa fundi cherehani. Mbele palikuwa duka, lenye cherehani mbili, meza ya kupigia pasi iliyoegemea ukuta chini ya rafu, na benchi la wateja. Nyuma ya ukuta wa pasi palikuwa stoo ya vitambaa, na humo, katikati ya marobota, ndimo alimolala Kinanda, mgeni wa wiki mbili aliyeingia mwaka wa tatu. Tatizo lilikuwa watu wa benchi. Hapakupita mwezi bila mtu kuja kuketi pale, si kupima nguo, bali kumsubiri Kinanda. Dada alisema kama alivyofundishwa, "Simjui, labda ni mteja tu," na mtu yule alibaki pale amenuna hadi jioni, akiwakatisha tamaa wenye kutaka kushona.

"Sikia, mdogo wangu," dada alimwambia Jumatatu moja, pini zikiwa mdomoni. "Mtu mmoja tu zaidi akija hapa kukuulizia, utatoka na godoro lako. Nimeapa. Na unanijua nikiapa."

Kinanda alimjua. Tena hakuwa na pengine pa kwenda, na jambo hilo, tofauti na mengi aliyoyasema maishani, lilikuwa la kweli.

Basi mvua ilipokatika asubuhi moja, mjasiriamali wetu aliingia mferejini na kuokota sisimizi thelathini wenye mabawa. Hakujua, maskini, kwamba wengi wa wenye mabawa ni madume, na kwamba dume la sisimizi limeumbwa kwa harusi moja na kifo. Baada ya siku nne alikuwa na mochari ya vichupa. Kwa hasira akamkamata mmoja aliyekuwa akijitokeza kwenye ufa wa ukuta wa pasi: mwekundu, mnene, kiuno kama kimefungwa uzi. Akamtia kwenye kichupa chenye maji kidogo chini, akayazuia maji kwa pamba aliyoichomoa kwenye bega la koti la mteja, akamweka juu ya rafu ya pasi na kumsahau.

Huyu hakufa. Sukari hakuigusa, nyama hakuitazama, na wiki ya pili akataga. Kinanda akaanza kumchungulia kila asubuhi kabla hajanawa uso. Alijiambia kwamba anakagua mtaji. Lakini mtu mwenye akili zake haulizi mtaji wake umeamkaje, na Kinanda aliuuliza, tena kwa sauti ya chini ili dada asisikie.

Wiki ya tano chama kilimletea mnunuzi. Walikutana mgahawani, mbali na duka la dada. Alikuwa mama wa makamo, ndala zimelika visigino, mfuko wa kitambaa begani na daftari mkononi. Kinanda akampa jina pale pale, Mama Daftari, na akamhurumia kidogo, kama mchinjaji aliyelelewa vizuri.

"Umempata wapi, kaka?" aliuliza mama, akiinua kichupa kwenye mwanga. Alikisogeza karibu kabisa na jicho. Kinanda akadhani ni uzee.

"Mama yangu, we acha tu. Msitu wa mlimani, siku tatu kwa miguu. Kule juu maji yanaganda."

Mama akaandika. "Na wiki zote hizi ulimweka wapi?"

"Kwenye friji. Friji maalumu. Joto ni sumu kwake."

Akaandika. "Anakula nini?"

"Mbegu za ua moja linalochanua mara moja kwa mwaka. Bahati yako, ameshakula ya mwaka huu."

Mama akaandika na hilo, akalipigia mstari, akatoa kitita bila kuomba kupunguziwa. Kinanda akamfungia kichupa kwenye karatasi aliyoikuta mfukoni na kutoweka kwa mlango wa jikoni, japo hakuna aliyemfukuza. Ilikuwa mazoea. Njiani alijisikia mpweke kidogo, akalaumu njaa.

Karatasi ile, ndugu msomaji, ilikuwa ya vipimo vya nguo. Kifua, kiuno, urefu wa mkono, na chini yake muhuri wa duka la dada, wenye mtaa na namba ya mlango. Mjanja aliyeuza redio mara nne alikuwa ametoa anwani yake bure.

Siku tatu baadaye, saa sita mchana, Kinanda alikuwa amesimama katikati ya duka amevaa koti lenye mkono mmoja, maana mwenye koti alikuwa na umbo kama lake na dada alitaka kuona linavyokaa. Mara akaona ndala zile zinapanda ngazi. Kwa wepesi aliojaliwa, akaruka nyuma ya pazia la kupimia nguo, pini zikimchoma mbavuni.

"Namtafuta kaka mmoja," sauti ya Mama Daftari ilisema. "Mrefu, anaongea sana."

"Mtaa huu wote wanaongea sana," dada alijibu, mguu ukiendelea kukanyaga cherehani.

"Aliniuzia sisimizi."

Cherehani ikanyamaza. "Alikuuzia nini?"

"Sikuja kugombana, dada yangu. Nimefuga sisimizi miaka kumi na tisa. Jamii ya huyu imeonekana mara mbili tu, na kila aliyefungiwa alikufa kabla ya siku ya kumi, bila yai hata moja. Hata jina haina. Yule kaka ameniletea malkia mwenye watoto wanaotambaa. Alikusudia kunitapeli, nilimwona machoni. Akanitapeli kwa kitu halisi, maskini, na mwenyewe hajui."

Nyuma ya pazia, Kinanda alisogeza sikio karibu na kitambaa.

"Chuo ninachofanyia utafiti kinamtaka mtu aliyemtunza," mama aliendelea. "Kumwajiri, si kumshitaki. Na aliyemgundua ndiye atakayechagua jina."

Kinanda akasubiri dada aite. Dada hakuita. Alichukua kichupa mkononi mwa mama, akakigeuza polepole.

"Huyu alikuwa kwenye rafu ile ya pasi," alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa nikimrushia maji kila nikinyunyizia nguo. Mvuke unapanda pale kutwa nzima. Na wenzake wako humo ukutani miaka yote, tangu nianze kupiga pasi hapa."

"Joto na unyevu," Mama Daftari alinong'ona. "Mungu wangu, sisi tuliwaweka pakavu."

Hapo uvumilivu ukamshinda Kinanda. Alitoka nyuma ya pazia na mkono wake mmoja wa koti. "Mama, ni mimi. Mimi ndiye niliyemwokota. Nilikuwa namjulia hali kila asubuhi."

Mama Daftari alimtazama, akafungua daftari bila haraka. "Msituni, siku tatu kwa miguu. Friji, joto ni sumu. Mbegu za ua la mwaka. Lipi kati ya haya ni la kweli, kaka?"

Kinanda, ambaye hajawahi kukosa neno tangu alipoota meno, alitafuta neno. "Hakuna," alisema.

"Na hili la leo niliamini kwa lipi?"

Akamgeukia dada. Macho yake yalimwomba waziwazi, damu kwa damu, tumbo moja. Dada akachomoa pini mdomoni.

"Simjui," alisema. "Labda ni mteja tu."

Mama akafunga daftari, akaenda kuugusa ukuta kwa kiganja kama anayepima homa ya mtoto. "Nyuma ya hapa kuna nini?"

"Stoo."

"Tutaikodi, kama inawezekana. Kuna mtu anakaa?"

"Alikuwepo mgeni," dada alisema. "Anaondoka leo."

Mama alipokwisha kwenda, Kinanda alivua koti taratibu. Kwa mara ya kwanza hakuona wa kumlaumu, na jambo hilo lilimuuma kuliko pini. Miaka mitatu alilala kichwa kimegusa ukuta ule. Kila sisimizi walipomuuma, aliwaponda kwa ndala huku akiota utajiri.

"Umenikana, dada."

"Nimesema ulichonifundisha. Na niliapa: akija mtu mmoja." Alikunja koti, akasita. "Jina nitampa la marehemu mama. Nadhani hilo hutalipinga."

Hakulipinga. Alikwenda kulifunga godoro, na alipopita kwenye ule ufa aliinama akawaaga wenyeji, kwa sauti ya kawaida, bila kujali nani anasikia.

Jioni hiyo alisimama mbele ya nyumba ya vyumba vya kupanga, mtaa wa pili, godoro kichwani na kitita cha Mama Daftari mfukoni. Mwenye nyumba, bibi mkavu asiyependa maneno mengi, alikuwa ameshamwonyesha chumba na kumnyooshea ufunguo.

"Swali moja tu, mwanangu. Ulikotoka umetolewa kwa nini?"

Uongo wa aina saba ulimjia Kinanda mdomoni, wote mzuri. Lakini alikuwa amechoka, na alikuwa ameona siku hiyo uongo unavyoweza kumkaba mwenyewe.

"Kwa dada yangu, bibi," alisema. "Amenitoa chumbani ili ampangishe sisimizi."

Bibi alimtazama kuanzia godoro hadi viatu. Kisha akaurudisha ufunguo kifuani, akaingia ndani, akafunga mlango.