Mazoezi ya Kuchechemea

Jumanne, 4 Machi

Nimepata kazi! Msaidizi wa mkutubi, kuanzia tarehe moja Aprili, asubuhi hadi jioni. Nimefurahi kwa dakika kumi na moja. Kisha nikamtazama Babu kwenye kiti chake cha dirishani. Nani atashinda naye?

Shangazi amepiga simu, kana kwamba hunusa furaha za watu. Ameuliza kama nathamini vitabu kuliko baba yake mzazi. Yeye mwenyewe hawezi kuja kukaa naye, ana mgongo. (Mgongo huo huuma kila zikitajwa zamu.)

Lakini watu wa ustawi wa jamii wana ruzuku: wanamlipa muuguzi aje nyumbani kwa mzee. Nimechukua fomu. Masharti: mzee awe amepita miaka sabini na tano (Babu ana themanini na mbili), kipato cha nyumba kiwe kidogo (chetu kinaona haya kujitokeza), na katika mambo sita, yaani kuoga, kuvaa, kula, kwenda msalani, kuinuka na kutembea, awe hawezi angalau matatu bila kusaidiwa.

Hapo ndipo pagumu. Babu ni mzima! Alikuwa fundi cherehani miaka hamsini. Vidole vimekakamaa kidogo, basi. Nimewaza jioni nzima, nikiacha mara nne tu: kumwinua kitini, kumwogesha, kumkatia nyama, kumfunga vifungo vya pajama. Sijapata hata jambo moja.

Itabidi tutunge.

Alhamisi, 6 Machi

Mguu wa kushoto. Goti, hasa. Nimesoma kurasa arobaini kuhusu goti.

Babu amesema yeye ni fundi, si mchekeshaji. Nikamwambia bila goti hakuna maktaba. Kisha akasema haya, nipe huo mguu.

Mazoezi sebuleni. Akachechemea wa kulia. Nikamrekebisha. Akachechemea yote miwili, akauliza kama ruzuku nayo itakuwa mara mbili.

Jumapili, 9 Machi

Nimeazima bendeji kwa jirani tunayemwita Mama Redio, kwa kuwa hazimiki. Nikamwambia ni ya paka. Hatuna paka. Kufikia saa kumi Shangazi alikuwa hewani: baba yake kaletewa paka bila yeye kushauriwa? Kesho anakuja kuona kwa macho yake.

Kesho! Siku ya afisa wa ustawi wa jamii kuja kumtathmini Babu! Nimelala chali sakafuni nikitafakari maisha.

Jumatatu, 10 Machi

Aibu. Aibu yenye miguu miwili.

Afisa ni mama mpole, koti la kijivu, daftari dogo. Shangazi alimtangulia, akapiga kambi kwenye sofa akimtafuta paka. Afisa akauliza mzee anaendeleaje. Shangazi akadakia: baba yangu? Ngangari! Chuma kabisa! Babu kusikia sifa, kifua hicho mbele. Nilikuwa nimemvalisha suti aliyoishona mwenyewe, na kizibao cha vifungo tisa. Akamwambia afisa kwamba bega la koti lake limeshonwa na mtu aliyekuwa anawahi mahali. Nikamkumbusha goti lake. Akajibu, goti la nani?

Nikazungumza peke yangu nusu saa. Goti, mishipa, baridi. Huku nikimshikia kikombe, nikimfuta kidevu, nikimwinua aende msalani, nikimfunga tena mkanda. Afisa akaandika, akaandika. Kisha bendeji ikafunguka, ikaviringika hadi miguuni pa Shangazi. Ilitoka mguu wa kulia. Niliifunga mimi mwenyewe.

Mlangoni afisa akaniambia, "Mdogo wangu, goti sikukuuliza. Muda wote nilikuwa nakutazama wewe." Akataka kujua nani kafunga vile vifungo tisa. Nikasema mimi, kila siku, kwani? Akafunga daftari.

Alikuwa ananitazama mimi! Basi kagundua kila kitu. Nimeanza barua ya kuikataa kazi. Babu akasema niweke kalamu chini. Akasema tangu vidole vimgomee hajawahi kunishukuru, maana huwa namfunga kabla hajaomba. Nimelia kidogo, kwenye kizibao.

Ijumaa, 21 Machi

Tumekubaliwa! Muuguzi atakuja kila siku ya kazi, kuanzia tarehe moja. Nimekaa kwenye ngazi, barua mapajani, nikavuta pumzi ambayo nadhani niliianza mwaka juzi. Babu amedai nimsomee mara tatu. Shangazi anasema ni dua zake.

Barua inasema Babu anahitaji msaada katika mambo matano kati ya sita. Matano! Sijui wameyaokota wapi. La sita ni kutembea. Wameandika: "Anatembea vizuri."

Vizuri! Baada ya jasho lote lile! Na tathmini inarudiwa baada ya miezi sita. Safari hii hatukamatwi. Usiku huu, nikiwa nimepiga magoti namvua viatu, nimemweleza Babu kwamba mazoezi yanaanza kesho asubuhi. Mguu wa kushoto.

Amenyoosha wa kulia.