Kinu cha Asger Hakivunjiki

Jumatatu, 6 Februari

Mbawa zimeanguka tena! Nimejenga kinu cha upepo kizuri kuliko vyote Jutland nzima, huku Denmark (humu naruhusiwa kujisifu, nje hapana), vitofali vyeupe vitupu vya kuchezea, na mbawa ndefu za kuzunguka kweli. Zinazunguka mara moja, halafu puu! Sakafuni. Ingelise, mke wangu, amekanyaga kitofali pekupeku. Kanitolea maneno ambayo mama yake hakumfundisha.

Maonyesho ya chama chetu cha wajenzi wa vitofali ni Jumamosi. Ejvind, jirani yangu, analeta meli ya vitofali. Mwaka jana meli yake iliwekwa meza ya katikati, mimi nikatupwa kando ya mlango wa choo. Watu walisimama mbele ya kazi yangu kusubiri zamu tu.

Basi. Nimekuwa fundi wa meno bandia maisha yangu yote, na kabatini bado ninayo gundi ya kazini. Tone moja tu. Nani atajua?

Jumanne, 7 Februari

Tone moja limekuwa chupa nzima. Lakini mbawa! Nimezipuliza kwa kikaushio cha nywele cha Ingelise, zikazunguka kama zimerukwa na akili. Hazitoki ng'o.

Ndiyo, najua chama kinakataza gundi. Kitofali hushika kitofali, basi, hiyo ndiyo dini yetu. Kresten, mwanachama mwenzetu, alipiga tupa kitofali kimoja, kidogo tu, kiingie pembeni. Gudrun, mwenyekiti wetu, mwalimu mstaafu, akamfukuza hadharani, keki bado iko mdomoni. Sasa anakusanya stempu, maskini. Lakini Kresten hakuwa na akili. Mimi ninayo.

Jumatano, 8 Februari

Nimeula wa chuya.

Kwa furaha ya mbawa nilisahau kubomoa! Maonyesho yakiisha, Jumapili, hakuna anayebomoa kazi yake mwenyewe. Tunachota majina kwenye kofia ya sufu ya Gudrun, kila mtu anabomoa ya mwenzake, kitofali kimoja kimoja, na kahawa pembeni. Eti ndiyo heshima kubwa: anayekubomolea ndiye anayeona ulivyofikiri.

Leo tumechota. Kinu changu kimemwangukia nani? Ejvind! Akasugua viganja. Akasema atakibomoa polepole, bwana we, ajue siri yangu. Kahawa ikanipalia, Gudrun akanipiga mgongoni kwa mkono wa ualimu.

Niseme kweli, maana hapa hasomi mtu. Naogopa. Tangu nistaafu siku yangu ni Jumatano, siku ya chama. Siku nyingine zote ni kuisubiri. Wakinifukuza nitakwenda wapi? Kwa Kresten na stempu zake?

Alhamisi, 9 Februari

Nimejaribu siki. Nimejaribu koleo. Nimejaribu maji yanayochemka. Gundi imenicheka. Ilitengenezwa kustahimili samaki wa siki, kahawa ya moto na mkate mgumu mweusi miaka na miaka. Na kujenga kingine siwezi, vitofali vyangu vyote vyeupe vimo humo humo.

Ingelise kakikuta kinu ndani ya sufuria ya viazi. Akavuta kiti, akakaa, akaniuliza nimefanya nini tena. Nikamweleza. Akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kitambaa cha vyombo. Kisha akaniambia niende nikamwambie Gudrun ukweli, maana mficha maradhi kilio humuumbua. Nikamjibu kwamba haya si maradhi, ni kinu.

Nisiende kabisa? Ejvind apate meza ya katikati kwa mara ya pili? Thubutu!

Ijumaa, 10 Februari

Mbinu mpya: ulaini. Nimempelekea Ejvind keki ya lozi, ile ya duka la pembeni mwa kanisa, nikamwomba tubadilishane. Yeye achukue nyumba ya vitofali ya Gudrun, niliyoichota mimi, na kinu changu nikitafutie mtu mwingine, nani sijui, nilikuwa sijafika huko. Akaitazama keki. Akanitazama mimi. Akauliza, "Tangu lini wewe ukaniletea mimi keki?"

Nikasema ni ujirani mwema. Akasema tumekuwa majirani tangu nywele zetu zilipokuwa nyeusi na hajawahi kupata hata biskuti. Kukataa kakataa, keki kabaki nayo.

Jumamosi, 11 Februari

Meza ya katikati! Kinu changu! Meli ya Ejvind iko dirishani, kwenye upepo wa baridi. Gudrun alisimama mbele ya mbawa, akazisukuma kwa kidole, akasema, "Si haba." Huku kwetu hiyo ni nishani. Watu wamezikwa bila kuambiwa si haba na Gudrun.

Nilipaswa kuruka. Badala yake nilisimama nikizitazama tu. Kila mbawa zilipozunguka niliiona kesho.

Jumapili, 12 Februari

Niandike kwa mpangilio.

Mpango wangu wa mwisho ulikuwa huu: kinu kianguke "kwa bahati mbaya" kabla Ejvind hajakigusa. Kikishatawanyika, nami nitaokota haraka haraka vipande vilivyogandana na kuvitia mfukoni. Rahisi. Nilivaa koti lenye mifuko mikubwa.

Saa ya kubomoa ikafika. Watu wote wamekaa, vikombe vimejaa. Nikainuka kama nafuata maziwa, nikajikwaa kwa ustadi, nikakipiga kinu kwa nyonga, mwenyewe nikaangukia magoti. Kikaenda. Wanawake wakapiga kelele. Kikapiga sakafu, kikadunda, ndiyo, KIKADUNDA, kikabiringika mpaka miguuni mwa Gudrun.

Kizima. Mbawa zote nne. Hata mlango haukufunguka.

Nikajiona nabandika stempu. Sikuthubutu hata kuinuka. Nilibaki nimepiga magoti kama mtu anayetubu, na kwa kweli nilikuwa karibu kutubu. Mdomo ulishafunguka.

Ejvind akaniwahi. Akakiokota. Akakigeuza. Akaweka kidole gumba kwenye ubawa, akasukuma. Akasukuma tena. Akanitazama, nami nikamtazama, na sote wawili tukajua.

Kisha akawageukia watu. "Jamani," akasema, "hii ndiyo maana ya kujua kufunga tofali!"

Makofi! Kwetu, ambako watu hawapigi makofi hata harusini! Gudrun akatoa miwani akaifuta. Akasema kazi ya namna hii haibomolewi, ni aibu kuibomoa, itakwenda maktaba ikae kwenye kabati la kioo. Kabati la kioo! Lenye kufuli! Nilitaka kumbusu, nikajizuia. Nilishusha pumzi niliyoishika tangu Jumatano. Nimekula keki vipande sijui vingapi.

Nje, kwenye baiskeli, Ejvind akanishika mkono wa koti. Nikadhani sasa ndiyo ananidai malipo. Kumbe anaona haya. Akaninong'oneza eti ni gundi gani ile, ndugu yangu, maana yeye pua ya meli anaigandisha kwa gundi ya watoto, ile inayoachia ukiinyevusha, na inaacha weupe, na kila mwaka roho yake iko mkononi. Karibu nimlilie begani. Nikamwambia nitamletea chupa. Tukapanda baiskeli, tukaenda pamoja kwenye mvua tukicheka kama wehu.

Ingelise kaniapisha mezani: gundi basi. Nimeapa. Na nimeapa kwa moyo, safari hii.

Jumatatu, 13 Februari

Gudrun amepiga simu asubuhi. Eti baada ya jana, kamati imeona kwamba hakuna aliye msafi wa ufundi kuliko mimi. Wananiomba niwe mkaguzi wa gundi wa chama. Nipite nyumba kwa nyumba, nikivute kila kilichojengwa, na nitakayemkamata atoke.

Nikajifanya nafikiri. Nikakubali.

Nitaanza na meli ya Ejvind. Sina kinyongo naye, ni rafiki yangu sasa, lakini sheria ni sheria, na mwaka ujao nataka meza ya katikati peke yangu, nikijenga kanisa zima la vitofali lenye mnara. Gundi nimeshaagiza, kopo la kliniki za meno, lile kubwa. Vya wengine nitavikagua bila huruma. Changu nitakikagua mwenyewe.