Bata wa Boma

Jumatatu, 23 Januari 1911
Bwana Mkubwa kaja bustanini, kaziba pua. Bwawa la boma limekuwa kijani, linanuka. Ijumaa ni sikukuu ya kuzaliwa Kaizari wa Wadachi, wageni watapunga upepo hapahapa. Maji yakitakata, mimi Hatibu, msimamizi wa bwawa, nitakuwa akida kule Mgeta. Yasipotakata, hamsa ishirini. Viboko ishirini na vitano!

Maneno, mkata majani, anasema uchafu ni bata arobaini wa Bwana, na pumba ninazowamwagia. Nimecheka hadi machozi. Yeye Mnyamwezi, mimi Mluguru, watani! Juzi alisema mama aliniokota kwenye mtego wa panya. Leo nimsadiki? Wachafuzi ni vyura. Kelele zote zile, lazima wana jambo.

Jumanne, 24 Januari
Vyura wametolewa, vikapu sita. Maji vilevile. Mbu wameongezeka.

Alhamisi, 26 Januari
Mke wangu Mwajuma hutia shabu mtungini, tope likatuama. Jana usiku nilitia kapu zima bwawani. Asubuhi maji kioo! Nikajitazama humo nimevaa kilemba cha uakida. Kimenikaa. Kwa furaha nikawaongezea bata pumba, magunia mawili. Alasiri, kijani tena. Mwajuma naye kasema ni bata. Maneno kamwambukiza mke wangu utani! Mshenzi yule.

Ijumaa, 27 Januari
Balaa! Wageni wameziba pua wote. Bwana akauliza kisa nini. Nikasema kuna chura mmoja amebaki. Maneno akasema bata. Bwana akawatazama bata, akatazama pumba kwenye kanzu yangu. Hamsa ishirini! Maneno akapiga magoti, akaniombea. Vikawa viboko kumi. Nadhani Bwana aliuona uso wangu wa kiakida, akaona haya.

Jumapili, 29 Januari
Naandika kifudifudi. Bata wote wamechinjwa, wageni wamewala. Maji yametakata, kokoto zinaonekana. Usimamizi kapewa Maneno. Kwa muda tu.

Jioni kaja na bakuli la mchuzi wa bata. Kasema leo hana utani, nisimwage tena pumba pale, maana mara ya pili hataweza kuniokoa. Machozi yakamlenga. Loo, mtani huyu anajua kuigiza! Nimecheka hadi vidonda vikauma.

Ila bwawa limepooza, halina uhai. Nimemwandikia Bwana barua, alete bata bukini sitini. Pumba ninazo.